Fahamu: Kwa nini mvuke wa petroli unaua hata aliye mbali na lori

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli. Moto ulipolipuka, zaidi ya 100 walipoteza maisha. Mwaka 2009 yalitokea hayo hayo Sachang'wan, karibu na Molo, Kenya.

Kinachowaka kwanza ni mvuke. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze joto la Morogoro. Tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai. Hutambaa chini, huingia mitaroni, mpaka ukutane na cheche mbali na lori lenyewe. Anayesema “natazama tu” naye yumo.

Ndiyo maana kwenye kituo cha mafuta unaambiwa uzime injini, na abiria wa bodaboda ashuke. Simu hulaumiwa sana, ingawa umeme tuli, wa mwilini au wa dumu la plastiki, ndio wa kuogopwa zaidi. Dumu lijazwe likiwa limewekwa chini, si juu ya siti ya pikipiki wala ndani ya buti.