Dagaa wa Kigoma: Jua Linapoharibu Mafuta (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi oksijeni ya kawaida inavyogeuka kuwa oksijeni kali, na kwamba iliyo kali kupita zote ni radikali ya hidroksili, yenye elektroni isiyo na mwenzake. Leo tuifuate hadi mwalo wa Kibirizi, ambako dagaa waliovuliwa usiku kwa taa huanikwa asubuhi mchangani na kwenye chanja.

Mafuta ya dagaa yana asidi zenye viungo maradufu vingi kati ya kaboni zake. Mojawapo, DHA, ina kaboni 22 na viungo maradufu 6. Haidrojeni iliyo katikati ya viungo viwili vya namna hiyo imeshikwa kwa ulegevu, na radikali huinyakua hapo. Molekuli iliyoporwa hubaki na elektroni isiyo na mwenzake, hudaka oksijeni ya hewani, ikawa radikali ya peroksili, nayo ikampora jirani. Ikishapora hutulia ikiwa haidroperoksidi, lakini jirani amekwisha kuwa mporaji. Moto wa nyasi huenea hivyo hivyo.

Haidroperoksidi haina harufu. Ikikutana na chuma kilichomo katika damu ya samaki huvunjika, na miongoni mwa vipande vyake ni aldehaidi, zinazoleta harufu kali, uchungu na ile rangi ya manjano iliyofifia ambayo mama mnunuzi huitambua kabla hajaonja.

Hapa pana jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka mno. Jua huondoa maji, bakteria wakakosa pa kuishi. Lakini mionzi yake pia huvunja haidroperoksidi na kuzaa radikali mpya, na dagaa mkavu yuko wazi kwa hewa pande zote. Ukavu hauzuii uharibifu huu! Ndiyo maana nasisitiza chanja, ambako upepo hupita juu na chini: dagaa akauke upesi, aondolewe juani mara moja, afungwe vizuri penye giza.

Mawese yetu yana kinga zaidi kuliko mafuta ya dagaa. Karibu nusu ya asidi zake hazina kiungo maradufu hata kimoja. Wekundu wake ni karotini, inayozima oksijeni iliyochangamshwa na mwanga. Tena zimo tokotrienoli, za jamii ya vitamini E, ambazo huipa radikali haidrojeni na kukata mnyororo. Kinga hiyo huisha kadiri inavyotumika. Chupa angavu zilizopangwa juani kando ya barabara huipoteza siku hadi siku, na mawese yaliyochemshwa hadi yakapauka yamekwisha kupoteza karotini yake. Yawekwe kivulini, na chombo kijazwe hadi shingoni, hewa ikose nafasi.