Mdhamini si mfadhili

Magazetini na kwenye barua za maombi, maneno "mfadhili" na "mdhamini" hubadilishana viti kana kwamba ni pacha. Si pacha, na anayeyachanganya anaweza kulipia kosa hilo kwa fedha taslimu.

Ufadhili umetokana na fadhila, yaani wema wa hiari. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, Azim Dewji alijulikana kama mfadhili wa klabu. Mfadhili hutoa kwa mapenzi. Hadai kurejeshewa, na akichoka anaweza kuondoka.

Udhamini una mzizi mwingine: dhamana. Hapo mtu anajifunga. Anayemdhamini mshtakiwa mahakamani huahidi kiasi cha fedha, na mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye anayebanwa. Wadhamini wa msikiti, kanisa au chama hushika mali kwa niaba ya wengine. Ndiyo maana Tanzania ina Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, unaosajili bodi za namna hiyo.

Michezoni, udhamini ni biashara. Tangu 2021 benki ya NBC inadhamini Ligi Kuu Tanzania Bara, na ligi inabeba jina lake. Hiyo si sadaka: kila upande unatoa na kupata. Klabu inayomwita mdhamini wake mfadhili hujipunguzia nguvu. Itabaki kushukuru pale inapostahili kudai haki yake ya kimkataba.

Kwenye mikopo ndiko watu wanakoumia zaidi. Wengi hutia saini fomu ya ndugu au ya mfanyakazi mwenzao wakidhani wanathibitisha tu kwamba wanamfahamu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inambebesha mdhamini wajibu sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkopaji akishindwa kulipa, deni linahamia kwa aliyetia saini.

Kwa hiyo jiulize maswali mawili: anayetoa anapata nini, na mambo yakiharibika nani atalipa? Kama hapati kitu wala hajafungwa na ahadi, huo ni ufadhili, mshukuru. Kama kuna malipo, ahadi au deni, huo ni udhamini. Omba mkataba, uusome hadi ukurasa wa mwisho, na usiposhawishika usitie saini, hata kama anayekuomba ni ndugu yako wa damu.