Belghamu Isiyokwisha Kooni, na Kisu cha Kimeo

Miaka michache iliyopita mama mmoja mkazi wa Mbagala alituletea mtoto wake wa miaka 3, uso umepauka na koo limevimba. Mtoto alikuwa amekohoa kwa muda mrefu, usiku akikoroma kwa belghamu, na bibi yake akashauri akatwe kimeo. Akapelekwa kwa mkata kimeo mtaani, akakatwa, akatokwa na damu usiku kucha. Kikohozi hakikuondoka. Nilipomaliza kumpima joto nilimwuliza yule mama, "Na wewe mwenyewe, mama, hukohoi?" Akajibu, "Mimi ni belghamu tu, Mama nesi. Imenikaa kooni tangu masika, nimeshaizoea."

Makohozi yake yalipopimwa tulikuta kifua kikuu. Daktari alipomchunguza mtoto na kumpiga picha ya kifua, naye akaonekana ameambukizwa.

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila mtu anacho, na husaidia kuziba njia ya pua tunapomeza ili chakula na maji visipande puani. Mtu anapokohoa sana nacho huwa chekundu na kuvimba, kisha watu humwona mwizi kumbe naye kaibiwa. Kukikata hakuondoi belghamu. Huleta damu nyingi, pepopunda, na kama kisu kimetumika kwa mwingine, hata virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Siwatukani wazee wetu, nao walitafuta nafuu kwa walichokuwa nacho. Lakini nimewaona watoto waliofikishwa hospitali wamechelewa.

Sasa belghamu hutoka wapi? Mwili wenyewe huitengeneza, karibu lita 1 kwa siku, ili kulainisha pua na koo na kunasa vumbi. Tunaimeza bila kujua. Huanza kutusumbua inapozidi au inapokuwa nzito, na aghalabu chanzo chake hakiko kooni. Kwa wengi hutiririka kutoka puani, kwa sababu ya mafua yasiyopona vizuri, au mzio wa vumbi la barabara, moshi wa mkaa, moshi wa dawa ya mbu na vumbi la godoro. Mtu wa namna hii huamka asubuhi akijikohoza, pua imeziba, na kila akilala chali hali huzidi.

Wengine chanzo ni tumbo. Hapa mjini kwetu baba anarudi kutoka kazini saa 3 usiku, amekwama njiani, anakula ugali saa 4 na kulala saa 4 na nusu. Tindikali ya tumbo hupanda hadi kooni na kuliunguza, nalo koo hujikinga kwa kutoa ute. Si lazima asikie kiungulia. Huhisi tu kama kuna donge lisilomezeka wala kutemeka. Mtu huyo anywe dawa za kikohozi chupa kumi, hatapona. Ale mapema, akae angalau saa 2 au 3 kabla ya kulala, na ainue kichwa cha kitanda kwa matofali. Sigara nayo iachwe kabisa, maana huchokoza pua, koo, mapafu na tumbo kwa pamoja.

Wapo pia wanaotumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama kaptopili na enalapili, ambazo huweza kuleta kikohozi kikavu na mwasho wa koo. Usiziache mwenyewe. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, ziko nyingine za kubadilisha.

Nyumbani, mtu mzima anywe maji ya kutosha na asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai katika bilauri moja. Dawa ya matone ya kuzibua pua isizidi siku 5, kwani ikizidi pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Na tafadhali, tuache kununua vidonge vya amoksilini viwili vitatu dukani kila koo linapokwaruza. Mzio na tindikali havisikii dawa hiyo.

Kikohozi kikifika wiki 2, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe makohozi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje hata hizo wiki 2. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini kote. Makohozi yatoke kifuani, si mate ya mdomoni, na ya asubuhi ndiyo mazuri zaidi.

Ikiwa kifua ni kizima na tabu inaendelea, omba rufaa uonwe na daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Kutoka Kinondoni wengi huanzia Mwananyamala, na wa upande wetu huanzia hospitali ya Temeke, kisha ikilazimu Muhimbili. Usichelewe kabisa kama sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki 3, chakula kinakwama, unatema damu, unakonda, sikio moja linauma bila kuwa na ugonjwa wake, au kuna uvimbe shingoni usiopungua. Hizi zaweza kuwa dalili za saratani, hasa kwa mvutaji wa sigara na mnywaji wa pombe. Mtoto mwenye kamasi linalonuka upande mmoja tu wa pua, mara nyingi amejiingizia harage au shanga. Usiichokonoe. Na mtu anayepumua kwa sauti au asiyeweza kumeza mate yake apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Wengi humwogopa bingwa wakidhani atawapasua. Kwa kawaida huangalia kwa kioo kidogo, au kwa mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa puani. Hausikii raha, lakini ni dakika chache. Nenda na dawa zote ulizokwisha kunywa, hata zile za miti shamba, usimfiche.

Yule mama wa Mbagala alimeza dawa zake miezi 6 bila kuruka siku. Mtoto wake naye alimaliza dozi yake, na bibi ndiye aliyekuwa akimleta kliniki.