Rosa Bonheur na Wanawake wa Nyumba ya By

Nimekulia kwenye ng'ombe, na mnyama aliyechorwa mimi humkagua kuanzia kwato. Wachoraji wengi hukwama hapo: macho mazuri, manyoya mazuri, lakini uzito haufiki ardhini. Rosa Bonheur, Mfaransa aliyezaliwa Bordeaux mwaka 1822, ndiye ninayemwamini. Maksai wake wa Nivernais, aliowachora mwaka 1849, wanavuta plau kweli. Ukitazama mabega yao unajua udongo ule ni mzito.

Kisha ukaja Mnada wa Farasi, picha aliyoionyesha Paris mwaka 1853. Upana wake unazidi mita 5. Farasi wanene wa Percheron wanazungushwa mbele ya wanunuzi, mmoja amesimama kwa miguu ya nyuma, vijana wanang'ang'ana na hatamu. Ili awapate vile, Rosa alikwenda mnadani mara mbili kwa wiki, mwaka mmoja na nusu, amevaa suruali wanaume wasimsumbue. Mwanamke wa Paris alihitaji kibali cha polisi kwa vazi hilo. Kibali chake cha mwaka 1857 kipo hadi leo: kinataja sababu za afya, kina sahihi ya daktari, na kilidumu miezi sita tu.

Ila mtu hachori picha ya mita 5 huku akihangaika na chakula cha jioni. Hapo ndipo wengi humsahau Nathalie Micas, rafiki yake tangu usichana. Mama yake Nathalie aliwatunzia nyumba. Nathalie mwenyewe aliuguza wanyama na kumsaidia Rosa kazini. Nakala ndogo ya Mnada wa Farasi iliyoko National Gallery, London, aliianza yeye, Rosa akaimalizia, na makumbusho yameandika majina yote mawili. Hilo linanifurahisha sana, kwa sababu mikono ya aina hiyo kwa kawaida haiandikwi popote.

Kwa fedha za picha zake Rosa alinunua nyumba kubwa kijijini By, karibu na msitu wa Fontainebleau. Yeye na Nathalie walihamia huko mwaka 1860, wakafuga farasi, kondoo, mbuzi, baadaye hata simba jike aliyeitwa Fathma.

Nathalie alifariki mwaka 1889. Mwaka huohuo Mmarekani mmoja aliyekuwa amempelekea Rosa farasi kutoka Wyoming alimtembelea, na mkalimani wake alikuwa mwanamke mchoraji, Anna Klumpke. Anna alirudi mwaka 1898 kumchora Rosa, akabaki. Rosa alipofariki mwaka uliofuata alimwachia kila kitu. Naye Anna akaandika maisha ya Rosa katika kitabu kilichotoka mwaka 1908. Wote watatu wamezikwa pamoja katika makaburi ya Père Lachaise, Paris.

Nyumba ya By ilinunuliwa mwaka 2017 na Katherine Brault, ambaye anaiendesha kama makumbusho pamoja na binti zake.