Daftari la Maziwa

Mama yetu alipofariki tuliketi usiku kuandika habari za maisha yake, zisomwe kanisani siku ya mazishi. Mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto na wajukuu: nusu ukurasa, tukamaliza. Tukatazamana. Tulibishana hata juu ya wimbo aliopenda kuimba akipukuchua mahindi. Kila mmoja alitaja wake.

Ndipo dada yetu akaleta daftari ambamo mama aliandika hesabu ya maziwa ya chama cha ushirika. Kando ya hesabu mlikuwa na maneno machache. Jumanne, kilo 4, mvua ya mawe. Jumatano, kilo 3, mtoto anakohoa, hakulala. Alhamisi, kilo 4, jirani amerudisha jembe, ametia mpini mpya. Mama alisoma hadi darasa la nne tu. Lakini tuliposoma mistari ile ilikuwa kama tunamsikia akitembea jikoni.

Tangu hapo tunajaribu kuandika mistari mitatu kila jioni, nayo ni kazi kuliko tulivyodhani. Siku ya kwanza tuliandika kwamba Bwana ametubariki. Ni kweli, lakini asomaye hawezi kujua kama tulipata mvua au barua.

Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa na desturi hii ya kuandika. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Aliandika kwamba ilikuwa yapata saa nne asubuhi, ila hakuwa na saa. Kwamba kwanza alidhani ni wingu. Na kwamba alipomwuliza kiongozi wake mara ya pili, huyo alisema weupe ule haujui, labda ni baridi. Ndipo Rebmann akatambua kuwa ni theluji. (Wachaga, bila shaka, waliujua mlima wao wa Kilimanjaro tangu zamani.) Huko London mtaalamu wa jiografia, W. D. Cooley, alikataa habari hiyo, akiona haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Lakini msafara wa Karl Klaus von der Decken, miaka ya 1861 na 1862, ulithibitisha kwamba theluji ipo. Sisi tunapenda hasa kwamba Rebmann hakulificha kosa lake la wingu, wala hakuliacha neno la kiongozi wake.

Hata Marko, akieleza jinsi watu elfu tano walivyolishwa, anakumbuka kwamba majani waliyokalia yalikuwa mabichi. Yohana anakumbuka kwamba mikate ilikuwa ya shayiri. Muujiza ungesimama bila hayo, lakini mtu aliyekuwapo aliyaona.

Juzi jioni tuliandika hivi: mzee jirani amekuja kuomba chumvi, amevaa viatu visivyolingana, hakutaka kuketi. Mzee huyu amefiwa na mkewe mwaka huu. Alipokuwa mlangoni tulimpa chumvi tukaagana naye, basi. Ni baada ya kuyaona yale maneno "hakutaka kuketi" kwenye karatasi ndipo tulipoulizana kwa nini, maana mzee huyu huketi siku zote. Kulipokucha tulikwenda kwake na uji.