Fidla na Ndugu Zake: Kwa Nini Nyuzi Nne Zatosha

Wengi wetu tuliisikia fidla kabla hatujaijua kwa jina. Ndiyo sauti nyembamba inayomfuata muimbaji wa taarabu: humjibu anapotua, na humngoja avute pumzi. Kwa nini kazi hiyo ikapewa fidla, na si udi wala kanuni? Jibu limo katika maumbile ya ala zenyewe.

Ala za nyuzi zina mafungu mawili makubwa: zinazodonolewa na zinazosuguliwa. Udi na kanuni ni za fungu la kwanza. Mpigaji hudonoa uzi, sauti huruka mara moja, kisha hufifia. Hata awe fundi namna gani, hawezi kuikuza sauti iliyokwisha kutoka. Fidla husuguliwa kwa uta wa singa za mkia wa farasi, zilizopakwa ulimbo mkavu ili ziushike uzi. Maadamu uta unakwenda, sauti inaendelea. Mpigaji huianza kwa mnong'ono, akaipandisha, kisha akaishusha. Ndivyo afanyavyo muimbaji kwa pumzi zake.

Udi una tumbo kubwa la duara lililoungwa kwa vipande vyembamba vya mbao. Aghalabu una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja wa peke yake wenye sauti nzito. Waweza kubeba wimbo na mapigo kwa pamoja, na kwa hiyo mtu mmoja na udi wake wanatosha kumaliza usiku. Hayati Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alilidhihirisha hilo miaka mingi. Gambusi, ambayo Lamu huitwa kibangala, ni ndogo zaidi. Huchongwa katika gogo moja na kuwambwa ngozi. Kanuni hulazwa mapajani, nayo ina nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mbele ya hizo zote, fidla ina nyuzi nne tu.

Fidla tuijuayo leo ilipata umbo lake Italia katika karne ya 16, na mji wa Cremona ukasifika kwa mafundi kama Andrea Amati na, baadaye, Antonio Stradivari. Lakini ujuzi wa kusugua uzi kwa uta ni wa kale kuliko hapo. Mwanachuoni al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliieleza rababu katika kitabu chake kikubwa cha muziki. Basi fidla ilipopokewa katika vikundi vya Misri, na mfano wa Misri ukafuatwa Unguja na Mombasa, haikuwa ngeni kabisa.

Lipo na jambo la pili. Shingo ya fidla, kama ya udi, haina vigawanyo. Kidole chaweza kutua popote. Maqamu kama rasti na bayati yana sauti zinazokaa katikati ya sauti mbili za kinanda. Kanuni huzipata kwa vyuma vidogo vinavyoinuliwa na kushushwa. Gitaa la kawaida, lenye vyuma shingoni, huziruka. Na kinanda cha umeme huziruka pia, isipokuwa kimetengenezwa au kurekebishwa kwa ajili hiyo.

Hapa ndipo suala hili linapoingia majumbani mwetu. Harusi nyingi siku hizi huchezwa kwa kinanda kimoja. Hatuwalaumu wenye shughuli. Kundi zima ni gharama, na posho haitoshi. Lakini tujue tunachokiacha: si mapambo ya ukumbini, bali sauti zenyewe ambazo nyimbo za bibi zetu zilitungwa ndani yake. Mtoto asiyezisikia atadhani muimbaji amekosea.

Dawa haiko mbali. Mwenye uwezo wa kukodi kinanda aweza kumuongeza mpiga fidla mmoja. Kwa mtoto mwenye hamu, zipo fidla ndogo za robo na nusu zinazolingana na mkono wake. Unguja, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002 kimewafundisha vijana, wake kwa waume, fidla, udi na kanuni. Mzazi ajiandae kwa subira tu: miezi ya mwanzo fidla hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Asimkatize mwanawe. Sikio linalojifunza kuitafuta sauti kwa kidole, bila ya alama ya kuiongoza, ndilo litakalozitambua nyimbo za kwao.