Unarudi Busia kufungua biashara? Jihadhari na malaria

WAKENYA waishio ng'ambo wanazidi kutupia jicho nyumbani. Mwaka wa 2023 walituma zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani, na Katiba ya 2010 iliwaruhusu waliochukua uraia wa nchi nyingine kubaki Wakenya. Kwa mzaliwa wa Busia au Malaba, ploti ya Burumba, duka la dawa au vyumba vya kulala madereva wa malori ni biashara inayomvuta arudi.

Mwekezaji huyo hupiga hesabu ya saruji, leseni na mishahara. Mbu hamtii hesabuni. "Mimi nilizaliwa hapa," husema, "malaria nimeizoea tangu utotoni."

Hapo ndipo anapojidanganya. Kinga ya malaria si kama ya surua, ambayo mtu akiugua mara moja hukaa nayo maisha yake yote. Hujengwa polepole kwa kuumwa tena na tena na mbu wenye viini, na hata hapo haikamiliki. Mtu akikaa miaka kadhaa mahali pasipo malaria, kinga hiyo hufifia. Akirudi, mwili wake huupokea ugonjwa karibu sawa na mgeni. Watoto wake waliozaliwa Leicester au Boston hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Nchini Uingereza, wengi wanaopatikana na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona jamaa zao bila kumeza dawa za kujikinga.

Na Busia si mahali pa kufanyia mzaha. Utafiti wa kitaifa wa 2020 ulipata viini vya malaria kwa watoto 19 kati ya kila 100 katika eneo la Ziwa Victoria, ambamo Busia imo. Wastani wa nchi ulikuwa 6.

Anayejenga yumo hatarini zaidi. Mashimo ya msingi na ya kuchimbia udongo wa matofali hujaa maji ya mvua, na mbu aina ya anofelesi hutaga humo. Huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, saa zile zile ambazo mwenye mali huketi nje na fundi wakihesabu mifuko, au hulala stoo bila chandarua akilinda mabati.

Kabla ya kusafiri, muone daktari akuchagulie dawa ya kujikinga. Malarone huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari, humezwa kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini huendelea wiki 4. Wengi huacha mara tu ndege inapotua, jambo ambalo ni la hatari. Anayehamia moja kwa moja amuulize daktari afanyeje baada ya miezi ya kwanza. Chandarua chenye dawa ni lazima kwa wote.

Homa ikija, pimwa damu siku hiyo hiyo. Malaria kali yaweza kukua ndani ya saa 24. Wapo wanaoulizia klorokwini waliyoiacha madukani walipoondoka. Kenya iliiacha mwaka wa 1998 kwa kuwa viini vilikwisha kuizoea. Dawa ya kwanza siku hizi ni AL: kwa mtu mzima tembe 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Maliza zote 24 hata ukipata nafuu siku ya pili. Mgonjwa anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, mwenye degedege au mkojo mweusi apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

Je, umerudi London kufuata mambo ya benki na homa ikakupata huko, hata miezi kadhaa baadaye? Usingoje daktari akuulize. Mwambie umetoka Busia, na uombe damu ipimwe malaria.